Mtandao wa Kufuata Ukubwa

Ndugu zangu watatu walikata kauli kwamba Mama amezeeka, na ushahidi wao ulikuwa kompyuta. Sitii chumvi. Kila siku, mara tano au mara saba, ukurasa aliokuwa akiusoma uliganda, alama nyekundu ikachomoza pembeni mwa kioo, na Mama akabaki na kalamu hewani. Hali hiyo ilipofikisha miezi minane, wakubwa zangu wakashauriana, wakaitisha kikao cha familia Jumamosi saa nne asubuhi. Ajenda ilikuwa moja tu: Mama apumzike.

Mimi ni kitinda mimba, na kazi yangu ni ufundi wa mitandao ya kompyuta. Ungedhani kwa shauri kama hilo ningeitwa mapema. Wapi! Kwetu mimi ni mtoto hata nikiwa na miaka thelathini na sita, na mtoto huambiwa mambo yakishaiva. Dada alinipigia simu Jumatatu akasema, "Jumamosi uje, tunampumzisha Mama," kwa sauti ya mtu anayenialika chai. Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikafunga mkoba wa vifaa, nikapanda basi nikiwa nimefura kwa hasira. Abiria aliyekaa karibu nami alihamia kiti kingine.

Kiwanda chetu cha uchapaji ni kidogo, alikianzisha marehemu Baba. Ukiingia unakutana na meza ya Dada, ambaye hupokea wateja na kuwasahaulisha walichokuja kulalamikia. Nyuma yake kuna korido. Mkono wa kulia ni ofisi ya kaka yetu mkubwa, mwenye kibao cha shaba mlangoni kilichoandikwa MENEJA, na kwa sababu hiyo sote tunamwita Meneja, hata mkewe. Kinafuata chumba cha kaka wa pili, anayechora majalada na mabango. Yeye tunamwita Msanifu. Mashine zenyewe ziko ng'ambo ya ua, zinanguruma kutwa. Na mwisho wa korido, penye dirisha kubwa kuliko yote, ndipo anapokaa Mama.

Mama ndiye msoma prufu. Kwa miaka arobaini hakuna ukurasa uliotoka pale bila kupita machoni mwake. Kuna mwaka aliizuia mashine ikiwa tayari imewashwa, kwa sababu karatasi ya zahanati ilikuwa inawaambia wazazi wampe mtoto vijiko kumi na kimoja vya dawa badala ya kijiko kimoja. Wenzake wote walikuwa wameisoma karatasi ile wakaipitisha. Sasa Meneja alikuwa amesikia kuna programu inayosahihisha yenyewe, na programu haihitaji kiti wala dirisha.

Jumatano asubuhi nilimkuta mezani kwake, miwani puani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunizika au kunifukua?"

"Inategemea umefikia wapi."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Labda wanasema kweli, mwanangu. Labda kichwa kimeanza kuchoka. Hii mashine wengine inawatii, mimi inanikataa."

Kabla sijamjibu, mashine ikamkataa. Ukurasa ukaganda, alama nyekundu ikatokea. Mama akaniangalia kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Nikapiga magoti chini ya meza. Pale palikuwa na kiboksi cha plastiki chenye matundu matano ya kuchomeka waya, kile ambacho mafundi tunakiita swichi ingawa hakizimi wala hakiwashi kitu. Kazi yake ni kugawa mtandao. Kilikuwa kinawaka vizuri. Basi nikaanza kuufuata waya, kidole ukutani. Ulitoka kwa Mama ukaingia kwa Msanifu, kwenye kiboksi kingine. Kwa Msanifu ukatoka ukaenda mpaka mapokezi kwa Dada, kiboksi cha tatu. Kwa Dada ukarudi korido mpaka kwa Meneja, kiboksi cha nne. Na kwa Meneja ndipo ulipochomoka ukaingia kwenye kabati la korido, mnamokaa kompyuta ya kuhifadhi mafaili yote ya kiwanda pamoja na kifaa kinacholeta intaneti.

Nilisimama pale nikashika kiuno. Kiboksi cha Meneja kilikuwa kimezimika kabisa. Yeye alikuwa uani anapokea karatasi kutoka kwenye lori, na kabla ya kutoka alikuwa amezima soketi ya ukutani. Sote tulilelewa hivyo. Baba alikuwa na amri moja ya nyumbani na kazini: ukitoka chumbani, zima ukutani. Alikufa miaka kumi iliyopita na hadi leo wanangu wananicheka ninapozima soketi za hotelini.

Sasa hesabu mwenyewe. Meneja akitoka, mtandao unakufa kwa wote wanaofuata baada yake. Dada akitoka, unakufa kwa Msanifu na kwa Mama. Msanifu akienda kuvuta hewa, unakufa kwa Mama. Dada hakuwa na habari kwa sababu huandika oda kwenye daftari. Msanifu huchukua mafaili yake asubuhi na kuyarudisha jioni, katikati hana haja na mtu. Meneja yuko wa kwanza, hakuna anayeweza kumkatia. Mama peke yake ndiye anayesoma moja kwa moja kutoka kabatini kutwa nzima, na yuko mkiani, anaumia kila mtu anapotoka.

Nilimsubiri Meneja mlangoni kwake.

"Kaka, nani alipitisha waya namna hii?"

"Fundi. Nilimsimamia mwenyewe." Akavuta suruali juu. Huvuta suruali anapojisifu. "Yeye alitaka kuzungusha mambo, anatafuta kutumaliza hela. Nikamwambia hapa tunakwenda kwa ukubwa. Mtandao uanzie kwangu, ukitosha uende kwa Dada, halafu kwa Msanifu."

"Mtandao siyo birika la chai, kaka."

"Kila kitu kina utaratibu."

"Na Mama je? Si ndiye mkubwa kuliko wote?"

"Mama tulimwongeza baadaye." Akashusha sauti, akajigonga kichwani kwa kidole. "Na kwangu, kwa taarifa yako, haujawahi kukatika hata siku moja. Ni ile ile kompyuta, ni ule ule waya. Kwa hiyo shida ni mtumiaji."

Nikafungua mdomo nimweleze. Akainua kiganja kama trafiki. "Wewe Jumamosi utasema, kama muda utabaki."

Muda utabaki! Nilirudi chumbani kwa Mama. Nikamwambia yote, na nikaona haelewi, maana neno mtandao lilikuwa kwake kama neno hali ya hewa. Basi nikachukua kibweta chake cha mihuri ya zamani na kidonge cha uzi wa kushonea vitabu.

"Chagua mihuri minne. Mmoja kwa kila mtu."

Mama akaitafuta kwa makini. Kwa Meneja akachagua muhuri ulioandikwa MUHIMU. Dada akawa IMEPOKELEWA. Msanifu akawa RASIMU, na hapo akacheka peke yake. Yeye mwenyewe akajitwalia IMEKAGULIWA. Chupa ya gundi iliyokuwa mezani nikaifanya kabati.

"Kuna mtindo wa zamani," nikasema, nikanyoosha uzi mmoja katikati ya meza na kuigusisha mihuri yote kwenye uzi huo. "Waya mmoja mkuu, kila mtu ananing'inia hapo. Ni rahisi, lakini wawili wakisema kwa pamoja maneno yanagongana, na uzi ukikatika wote mnakuwa bubu."

"Kikao cha familia hicho."

"Huu hapa ndio wenu." Nikafunga uzi kutoka gundi hadi MUHIMU, hadi IMEPOKELEWA, hadi RASIMU, hadi IMEKAGULIWA. "Mnyororo. Kila mmoja anapokea kwa aliyemtangulia." Nikauondoa MUHIMU. Uzi ukalegea wote. "Kaka ametoka nje."

Mama akaacha kutabasamu. Akaurudisha muhuri, akauondoa tena, akautazama wake uliobaki mwishoni hauna kitu. Akafanya hivyo kwa Dada, kisha kwa Msanifu. Sikumharakisha.

"Endelea," akasema.

Nikauunganisha mwisho na mwanzo. "Huu ni mduara. Habari inazunguka. Akikosekana mmoja, inaweza kupita upande wa pili, vifaa vikiwa vyenye akili. Na huu," nikafunga kila muhuri na kila mwenzake mpaka meza ikajaa nyuzi, "kila mtu ana waya wake kwa kila mtu. Watu wanne, nyaya sita, bado kabati. Hata wakikata mmoja au wawili habari inafika."

"Hao ni shangazi zako kwenye simu."

"Barabara. Ni imara, ila nyumba itajaa nyaya. Kwa ofisi kama hii watu hufanya hivi." Nikaweka kifutio katikati, nikavuta uzi mmoja mmoja kutoka kifutio hadi kwa kila muhuri. "Nyota. Kila mtu ana waya wake mpaka katikati. Kaka akizima, amezima kwake. Wewe huna habari."

"Na hapo katikati anakaa nani?"

"Hakai mtu. Linakaa boksi. Likifa hilo wote mmekwisha, kwa hiyo unaliweka mahali ambapo hakuna anayelizima."

Mama akakitazama kifutio. "Meneja hatakubali. Ataona kila mtu yuko sawa."

Alikuwa amemjua mwanawe. Nje mashine zilikuwa zinapiga kazi ya shule fulani, fomu elfu nne za matokeo. Mama akavuta tena ule uzi wa mnyororo, akauzungusha kidoleni.

"Huu waya una mwanzo na mwisho? Unajua unatoka wapi?"

"Haujui. Unapeleka pande zote mbili."

"Kwa hiyo kabati likihamia upande huu," akaisogeza gundi taratibu mpaka ikagusana na IMEKAGULIWA, "mkia anakuwa nani?"

Naapa sikumfundisha. Nilimwangalia mama yangu mzazi, miaka sabini na nne, mwenye miwani ya kamba shingoni, na nikamwona msichana aliyefukuzwa darasani kwa utundu.

"Mama, wewe ni mtu mbaya."

"Mimi nauliza tu. Si unasema nijifunze?"

Alhamisi tulifika saa moja asubuhi, saa nzima kabla ya wengine. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu ya muda huo. Nilichomoa waya uliotoka kabatini kwenda kwa Meneja, nikauacha umelala pale pale kana kwamba umechomekwa. Kisha nikapitisha waya mrefu juu ya dari ya korido, kutoka kabatini mpaka kwa Mama. Basi. Nyaya nyingine zote zilibaki kama zilivyosimamiwa na Meneja mwenyewe. Sasa mtandao ulianza kwa Mama, ukaenda kwa Msanifu, ukaenda kwa Dada, ukamalizikia ofisini kwenye kibao cha shaba.

Mama alikuwa ananishikia ngazi. Alikuwa anaimba.

Saa mbili na nusu wote walikuwa mezani. Mama akasoma kurasa sita mfululizo bila kukatika, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu alipopewa mashine ile. Halafu akavua miwani, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Acha ninyooshe miguu." Akazima ukutani kwa vidole viwili, huku ananitazama.

Kutoka ofisini ikasikika, "Ah! Hiki nini sasa?"

Mama akatembea korido polepole. Akapita mlangoni kwa Meneja. "Kuna nini, mwanangu?"

"Mtandao umekatika."

"Pole," akasema Mama, akaendelea na safari yake ya kwenda kuangalia kama uani kuna jua.

Aliporudi, akawasha. Dada alipokwenda dukani, akazima. Msanifu alipoenda kupokea simu nje, akazima. Kila mtu alikuwa anatii amri ya Baba kwa moyo mweupe, na kila mara sauti ya Meneja ilipaa. Mpaka saa saba mchana alikuwa amekatikiwa mara nane. Mama alikuwa anaandika saa na dakika kwa penseli nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri wa kusahihishia.

"Mama, jana ulitoka mara mbili," nikamnong'oneza. "Leo umeshatoka mara tano."

"Miguu imekakamaa sana leo."

Meneja akaanza kupita kwa watu. "Kwako upo?" akamuuliza Dada. Dada akainua macho kutoka kwenye daftari, akatazama kioo. Kwa wakati ule upo. "Kwako upo?" akamuuliza Msanifu. Upo. Akafika mlangoni kwa Mama akasimama, mikono mfukoni, hajui aanzie wapi.

"Kwangu leo haujakatika, mwanangu," Mama akamwambia kwa upole wa mtu anayempa mgonjwa maji. "Umejaribu kupumzika?"

Niliinama chini ya meza nikauma mkono wa gauni langu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Ijumaa Meneja alifika mapema. Alibadilisha kiti. Alifuta kioo kwa spiriti. Alichukua kipanya cha Dada akampa chake. Alimpigia simu fundi wake, fundi akasema yuko safarini mpaka wiki ijayo. Saa tano akashindwa kuvumilia, akaniita niangalie. Nilipoingia Mama alikuwa amesharudi mezani na kila kitu kinakwenda. Nikabonyeza bonyeza, nikakunja uso kitaalamu, nikasema, "Mbona kwako upo, kaka? Ni ile ile kompyuta, ni ule ule waya." Akasema ahsante. Meneja husema ahsante kwa wateja tu. Nilipaswa kugundua hapo, lakini nilikuwa nimenogewa.

Jumamosi saa nne tulikaa kuzunguka meza kubwa ya kukunjia karatasi. Dada alileta chai na mkate. Mama alikuwa na karatasi yake ya penseli nyekundu imekunjwa kwenye mkoba, na mimi nilikuwa nimejiandaa kama wakili; hotuba yangu nilikuwa nimeijaribu mbele ya kioo. Tulikuwa tunamsubiri tu Meneja afungue kikao ili tumpige chini.

Akasimama. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi, na suruali hakuivuta.

"Ajenda imebadilika," akasema. "Anayetakiwa kupumzika siyo Mama. Ni mimi."

Dada akaacha kumimina chai.

"Siku mbili hizi imenikataa mara kumi na tisa. Kwenu wote iko sawa. Fundi ameangalia, iko sawa." Fundi ndiye mimi, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuniita hivyo. "Nilisema mwenyewe kwamba mashine ikikataa, shida ni mtumiaji. Basi ni hivyo. Nina miaka hamsini na tano. Mwezi uliopita nilisahau jina la mtoto wa jirani yangu, nikacheka tu. Jana usingizi haukuja. Nilikuwa najiuliza mangapi mengine nimeyakosea, na ninyi mnaninyamazia kwa sababu mimi ni mkubwa."

Akakaa. Yule mtu mwenye kibao cha shaba alionekana mdogo kuliko Msanifu. Kila kitu nilichokuwa nimekipanga kikanitoka. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda kaka yangu, na sasa nilitaka kumfunika shuka.

"Kaka, siyo wewe," nikasema. "Ni waya."

Nikamwaga mtama wote. Nilieleza soketi, mnyororo, mkia, jinsi tulivyogeuza Alhamisi asubuhi. Nilieleza hata ngazi. Msanifu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Meneja uso ukamwiva.

"Mlinichezea? Mimi? Siku mbili nzima nakufa na presha, mnanichezea?"

"Mbili," Mama akasema.

Alifungua mkoba, lakini hakuitoa ile karatasi ya penseli nyekundu. Alitoa leso akafuta miwani.

"Wewe umekaa nayo siku mbili," akasema. "Mimi miezi minane. Sikumwambia mtu kwamba usiku nilikuwa najisomea majina ya wajukuu kwa mpangilio wa kuzaliwa, nione kama yote bado yapo. Na hakuna aliyesimama hapa kuniambia ni waya."

Meneja akanyanyuka, akazunguka meza yote, akapiga goti mbele ya kiti cha Mama, mzee mzima na tumbo lake. Alisema, "Nisamehe, Mama," na Mama akamwambia ainuke, asijichafue suruali, leo ndiyo imepigwa pasi. Hapo Msanifu akaachia kicheko, Dada akafuata huku machozi yanamtoka, na kikao kikavunjika bila kufungwa. Kwenye daftari la Dada uliandikwa uamuzi mmoja: nyota.

Tuliifunga mchana ule ule. Boksi la matundu nane nililiweka juu kabisa ya kabati na plagi yake nikaizungushia gundi ya karatasi, asije mtu akamkumbuka Baba. Meneja alinishikia ngazi na kunipa nyaya, akiniuliza kwa heshima huu unakwenda wapi na ule unakwenda wapi. Nilimjibu kwa madaha. Nisingekuwa mimi kama nisingemjibu kwa madaha.

Waya wa mwisho ulikuwa wa chumba cha Mama. Nilikuwa chini ya meza, Mama ameniinamia na tochi, na mdomo wangu haukutulia.

"Yaani hawa watu!" nikasema. "Miezi minane! Wana fundi wa tumbo moja, hawakupiga hata simu. Swali moja tu, dakika tano, mambo yangekwisha. Kiburi tu. Wewe mwenyewe, Mama, kwa nini hukuuliza mtu anayejua?"

"Niliuliza."

"Ulimuuliza yule fundi wa Meneja? Yule hata kubana waya hajui."

"Siyo yule," Mama akasema. "Wewe. Siku ya kwanza ilipokatika, nilikupigia wewe. Ulikuwa kazini, nyuma yako watu wanaongea."

Mkono wangu ukasimama na waya. Simu yenyewe sikuikumbuka. Nilichokumbuka ni sentensi, kwa sababu huwaambia wateja sentensi hiyo hiyo mara arobaini kwa siku, nikiwa natazama kitu kingine: zima, hesabu mpaka kumi, washa.

"Nilikwambia uzime halafu uwashe," nikasema.

"Eeh. Nihesabu mpaka kumi."

Tochi ilikuwa imetulia kabisa mkononi mwake. Sikuthubutu kutoka chini ya meza.

"Ukafanya mara ngapi, Mama?"

"Kila ilipokatika," akasema. "Nilidhani nahesabu vibaya."